Nahodha hatishiki: nichezeje karata ngumu na mtu asiyetupa?

#1 · Mleta uzi, Malindi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe linanikosesha usingizi tangu Jumamosi, na kila nikijaribu kulifupisha naona nalipunja.

Mimi ni fundi wa friji hapa Malindi. Kila Jumamosi baada ya Isha tunakutana watu watano kwenye baraza ya jirani, si mbali na jeti, tunacheza poka ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Pesa hakuna. Tunachezea komwe: bao la jirani lina kete 64, la shemeji yake 64 nyingine, zilizobaki watoto walituokotea ufukweni, na kila mtu anaanza na komwe 100. Anayemaliza wa mwisho ananunua mahamri ya asubuhi, basi. Sasa hivi kusi inavuma, bahari imechafuka, mashua ndogo hazitoki, kwa hiyo hata katikati ya wiki watu wapo na karata zinashuka.

Mchezo huu nilifundishwa na mzee mmoja Mtaliano niliyekuwa nikimtengenezea friji kwa miaka mingi. Alikuja pwani hii kufanya kazi Ngomeni, kwenye yale majukwaa ya baharini ya San Marco iliporushwa satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Akastaafu, akabaki. Alikuwa mchezaji kweli. Ukiweka dau kubwa anakutazama, anahesabu, na akiona hesabu haimpi anatupa karata zake bila kinyongo. Kwake nilijifunza kupiga mkwara, nilijifunza kutega, nilijifunza kujifanya sina kitu nikiwa nacho. Sasa amerudi kwao.

Tatizo langu ni Nahodha. Ni mvuvi, rika la baba yangu mdogo, mimi namwita ami. Amejifunza mchezo mwaka jana tu. Anaingia karibu kila mzunguko. Akishika jozi yoyote, hata ya mbili, haiachi mpaka mwisho. Kazi yake ni kupita bila kuweka dau, au kuona, yaani kulipa tu dau la mwenzake; kupita na kuona, kupita na kuona. Kupandisha ni nadra sana. Kwenye karata ni dhaifu kuliko mimi, na nasema hivyo kwa heshima zote, maana baharini mimi si kitu mbele yake. Lakini Jumamosi tano zilizopita mahamri nimenunua mimi mara tatu.

Nawawekea mizunguko mitatu ya Jumamosi, mnichambulie.

Wa kwanza. Nina ree ya shupaza na malkia wa pau. Tumeingia wanne kwa komwe 3 kila mtu, chungu, yaani komwe zote za katikati, kina 12. Mezani zinafunguliwa malkia wa uru, nane ya kopa, tano ya kopa. Naweka 6, Nahodha peke yake anaona. Karata ya nne ni mbili ya shupaza. Naweka 12, anaona. Chungu 48. Ya tano ni nane ya pau. Naweka 20. Nahodha akazitazama tena karata zake: aliinua ncha kwa kidole gumba, kile chenye kovu la mshipi, akazilaza polepole, halafu akasukuma komwe 60 katikati. Kapandisha! Nikahesabu: chungu kina 128, mimi naongeza 40 tu, yaani nikiwa sahihi walau mara moja katika nne nimerudisha changu. Nikajiambia alikuwa anasubiri kopa atimize flashi, yaani karata tano za aina moja, hazikuja, sasa ananitisha. Nikaona. Akafungua nane na saba. Nane tatu.

Wa pili. Nina ghulamu na kumi, zote kopa. Mezani ree ya pau, tisa ya kopa, nne ya kopa. Kisha mbili ya shupaza. Kisha sita ya uru. Kopa haikuja. Chungu 40. Nikaweka 40 zote kwa mkupuo kama mtu mwenye ree. Yule mzee wangu Mtaliano angetupa. Nahodha akaniuliza, "Unayo ree?" Nikanyamaza. Akasema, "Haya, na tuone," akalipa. Nne na tatu. Jozi ya nne!

Wa tatu ndio unaouma zaidi, ingawa nilishinda. Ree na kumi mkononi. Mezani ghulamu, kumi, sita, tatu, mbili, kopa na uru na pau zimechanganyika. Chungu 30. Nahodha akapita mpaka mwisho, na mimi nikapita, nikiogopa asije akawa na ghulamu. Akafungua sita na tano. Nilichukua zile 30, lakini mpaka naandika hapa nauona ule mkono wake ulivyokuwa umetulia juu ya komwe zake, tayari, ukisubiri tu niweke ili alipe.

Nifanyeje na mtu huyu?

#2 · Watamu

Mleta uzi, nimesoma mara mbili. Nianze na mzunguko wa pili kwa sababu ndio mwepesi.

Ukiweka 40 kwenye chungu cha 40, mkwara wako unalipa ikiwa tu mwenzako anatupa nusu ya mara zote. Ukiweka 20, unahitaji atupe mara moja katika tatu. Sasa jiulize bila kujionea huruma: Nahodha mwenye jozi anatupa mara ngapi? Wewe mwenyewe umeandika hata jozi ya mbili haiachi. Basi hakuna dau la kumtisha, si la 20 wala la 40. Komwe zile 40 ulimpa zawadi.

Lakini usiziogope karata za kusubiri kopa. Zikiwa kopa nne, mbili zako na mbili za mezani, zimebaki kopa tisa. Kabla ya karata ya nne una asilimia 35 hivi ya kuipata kwa karata mbili zijazo. Ikibaki karata moja ni 9 katika 46, chini kidogo ya asilimia 20. Hapo ndipo bei inapoamua. Tuseme chungu kina 24 na Nahodha kaweka 6: unalipa 6 kushindania 30, unahitaji asilimia 17 hivi, lipa. Akiweka 12, unahitaji asilimia 25, ukienda kwa hesabu ya chungu peke yake unatupa. Ila huyu si mtu wa kawaida, huyu analipa. Katika mara 46 utakosa 37, hasara 444, utapata 9. Ili urudishe, kila unapopata unahitaji karibu komwe 50, na 36 ziko mezani tayari. Zimebaki 14 za kumtoa baada ya karata ya mwisho. Nahodha hatakulipa 14? Atakulipa 20 akishukuru. Kwa hiyo kaa, subiri, na ikija kopa weka dau bila aibu. Isipokuja, pita na uache.

Mzunguko wa tatu ndio kosa lako kubwa, kubwa kuliko yale mawili. Hesabu karata. Ghulamu zilizobaki ni tatu, hizo ndizo zinazokupiga. Kumi mbili, sita tatu, tatu tatu, mbili tatu: jumla 11, zote unazipiga na zote angelipa nazo. Kuna siku atakuwa na jozi mbili, sawa, lakini uzani wote uko upande wako. Ukiweka 15 pale, mara nyingi unazipata. Mtu akipoteza kwa mkwara anaona aibu, kwa hiyo anakumbuka. Mtu asipoweka dau alilopaswa kuweka hakuna anayemwona, hata yeye mwenyewe hajioni. Heri wewe umejiona.

Wa kwanza nauacha kwa wengine, maana hesabu yako ilikuwa sahihi: 40 kwa chungu cha 168 ni asilimia 24. Kinachobaki ni kumjua mtu, na mimi simjui.

#3 · Mombasa

Mtege tu. Ukiwa na karata kali pita, jifanye mgonjwa, mwache ajichimbie. Mtu dhaifu anaingia mwenyewe.

#4 · Malindi

Ndugu yangu mleta uzi, mimi sitaki kukuvunjia heshima mbele za watu, na naona mnakaa kwa adabu. Lakini Sura al-Maida aya ya 90 iko wazi juu ya kamari. Pesa hamuweki, sawa. Ila yule wa mwisho analazimika kununua mahamri, na hilo ni dau, hata likiwa la shilingi mia. Litazame upya. Nakuandikia kwa mapenzi.

#5 · Nakuru

Mimi nacheza poka kwenye simu lakini hapa nimepotea. Ree ni gani? Uru? Shupaza? Naomba tafsiri jamani.

#6 · Mleta uzi, Malindi

Nianze na ndugu wa #4. Nimekuelewa na nimekubali. Nimeongea na wenzangu jana baada ya Magharibi, mahamri yameondoka. Sasa mahamri tunanunua kwa zamu, tena bila kuangalia nani kashinda, na komwe zikimaliza kazi zinarudi kwenye mfuko wa bao. Allah akulipe kwa kuniambia kwa upole.

Ndugu wa Nakuru, ree ni ile karata ya moja. Kopa ni zile za moyo mwekundu, uru ni vile vipande vyekundu vyenye ncha nne, pau ni yale majani matatu meusi, shupaza ni ule moyo mweusi wenye kikonyo. Ghulamu ndiye kijana, anayefuata chini ya malkia. Majina haya ya kopa, uru, pau na shupaza tuliachiwa na Wareno: wao husema copas, ouros, paus, espadas, na hata neno karata lenyewe na turufu ni yao. Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi mwaka 1498, na nguzo yake ingali imesimama pale kwenye rasi. Nikiwa mdogo tulikuwa tunakaa chini ya nguzo ile tunacheza karata, na hakuna aliyetuambia kwamba maneno tunayopigia kelele ni ya watu wale wale.

Ndugu wa #3, nimejaribu kutega. Wiki mbili zilizopita nilipata ree mbili mkononi, nikaingia kwa 3 tu kama wengine, nikimtega. Tukaingia watu wote watano. Ree mbili zikashindwa na jozi mbili za tano na nne.

#7 · Watamu (mimi wa #2 tena)

Ndiyo hasara ya kutega mbele ya watu wanaoingia na kila kitu. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne wanaobaki mpaka mwisho, inashuka hadi 56 hivi. Yaani karata bora kuliko zote unaigeuza kuwa kama kurusha sarafu, kwa mkono wako mwenyewe. Na ree mbili huzipati ovyo, ni mara moja katika 221. Pandisha mpaka wabaki mmoja au wawili, na Nahodha atakuwa mmoja wao kwa sababu hajui kutupa. Mtego ni wa samaki anayekimbia. Huyu anakuja mwenyewe kwenye chano.

#8 · Mwanafunzi, Kilifi

Napingana na wakuu hapo juu. Poka ya kisasa imefanyiwa utafiti kwa kompyuta. Mwaka 2017 programu ya Libratus iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza mizunguko 120,000 na mabingwa wanne kule Pittsburgh, kwa siku 20, ikawashinda wote. Na programu hiyo inapiga mkwara, tena kwa kipimo. Ukiweka dau sawa na chungu kwenye karata ya mwisho, moja katika kila tatu inapaswa kuwa mkwara, la sivyo mwenzako anajua kwamba kila ukiweka unayo, na atakuwa anatupa. Mleta uzi akiacha mkwara kabisa atasomeka kama gazeti.

#9 · Watamu

Kijana, kila ulichosema ni kweli. Ila ile moja katika tatu ina sababu: inamfanya mwenzako asijue la kufanya, akilipa sawa, akitupa sawa. Ni ngao dhidi ya mtu anayekusoma. Wale wanne wa Pittsburgh walikuwa wanasoma kila kitu, usiku walikuwa wanakaa pamoja kuchambua. Nahodha anasoma nini? Anasoma karata zake mbili. Kumpigia mkwara kwa kipimo ni kununua ngao ya vita usivyopigana, na unailipa kwa komwe kila Jumamosi.

#10 · Lamu, Mkomani

Nimeusoma uzi wote nikingoja mtu aseme jambo moja na hajasema, kwa hiyo naingia. Mimi ni mwanamke, tunacheza karata nyumbani na dada zangu, na bao nimejifunza kwa babu yangu, ambaye alikuwa akicheza barazani Langoni mpaka macho yakamwishia.

Babu alikuwa ananiambia nisicheze bao lililo kichwani mwangu, nicheze lililo mbele yangu. Katika bao la Kiswahili unaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na nyumba, lile shimo lako kuu, ina kete 6. Mtu asiyejua bao huivunja nyumba yake mapema, ataisambaza hata pale angeweza kuilaza, kwa sababu anapenda kuona kete zinatembea. Nilikuwa mdogo, nikikaa na mtu kama huyo nataka nimwonyeshe ufundi, napanga mitego ya hatua tatu, nne. Na hatua ya pili tu yeye anafanya kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili angefanya, mtego wangu unabomoka, kete zangu ziko mahali pabaya. Babu ananitazama, anasema, "Wacheza na nani?"

Sasa nakuuliza wewe kaka. Mzunguko wa pili umeandika, "Mzee wangu Mtaliano angetupa." Wa kwanza ulisema Nahodha alikuwa anasubiri kopa na sasa anakutisha. Nani anayetisha hivyo? Nahodha amewahi kukutisha hata siku moja? Kwa nilivyosoma, hilo ni jambo la Mtaliano, na la kwako wewe. Wa tatu uliogopa ghulamu kwa sababu Mtaliano mwenye ghulamu angepita vile vile ili akutege, lakini Nahodha hategi.

Kaka, Mtaliano amekwenda kwao. Wewe bado wacheza naye.

Jingine dogo. Mwangalie mikono. Umeandika kwamba alizitazama karata zake tena kabla ya kupandisha. Mtu anayebuni uongo hana haja ya kutazama karata, anazijua hazifai. Anayetazama tena ni yule aliyepata kitu asichokitegemea, anataka kuhakikisha. Si sheria, lakini kwa wazee wetu wasiojua kujificha nimeliona mara nyingi mno.

#11 · Mleta uzi, Malindi

Dada wa Mkomani, nilisoma maneno yako nikiwa kazini, nimeshika mrija wa gesi, ikabidi nikae chini. Sina la kujitetea. Nilikwenda nyumbani nikazipitia kichwani Jumamosi zote ninazozikumbuka, nikitafuta mara moja tu, moja, ambapo Nahodha alipandisha mwisho akiwa hana kitu. Sikuiona. Kila alipopandisha alifungua jozi mbili au zaidi. Zile nane tatu alizitangaza kwa sauti, mimi nikajibu sauti ya mtu mwingine.

Ndugu wa #2 aliacha swali la mzunguko wa kwanza wazi, nami naona jibu ndilo hili. Nilihitaji kuwa sahihi mara moja katika nne. Dhidi ya mzee Mtaliano ningeipata ile moja, pengine na zaidi. Dhidi ya Nahodha siipati hata moja katika ishirini. Karata zile zile, chungu kile kile, 40 zile zile, na majibu mawili tofauti.

Jumamosi hii nilikaa nikiwa nimejiwekea mambo machache: sitishi, nikiwa na jozi ya maana naweka dau mpaka mwisho, Nahodha akipandisha natupa isipokuwa nina kitu kizito kweli. Niwasimulie mizunguko miwili.

Kwanza nilipata ree mbili. Mikono ilikuwa inaniwasha kutega, sina haja ya kuficha. Nikapandisha hadi 10. Wawili wakatupa, mmoja akaacha 3 zake akaondoka, Nahodha akaona. Chungu 23. Ghulamu, saba, tatu. Naweka 15, anaona. Tisa. Naweka 35, anaona, safari hii akivuta pumzi kidogo na kusogeza kofia. Malkia. Nilibakiwa na 40 nikazisukuma zote. Chai yangu ilikuwa imepoa pembeni. Nahodha akahesabu 40 kwa vidole, moja moja, akizipanga kwa mistari ya kumi kumi kama anavyopanga samaki wa kuuza, akazisukuma. Ghulamu na nne. Chungu cha 203, sijawahi kukichukua kikubwa hivyo tangu tuanze.

Wa pili. Mfalme na malkia mkononi, mezani mfalme, kumi, sita, kisha tisa, kisha tisa nyingine. Nimeweka dau hatua zote, anaona. Mwisho naweka 18, na yeye akainua ncha ya karata zake, akazitazama, akazilaza, akapandisha hadi 50.

Wakuu, ilikuwa ngumu. Jozi ya mfalme! Moyo unasema ona, ni 32 tu. Nikautazama mkono wake wenye kovu umelala juu ya karata, hautikisiki. Nikatupa.

Hakuonyesha, nami sikumwuliza.

#12 · Mombasa

Hapo ulipigwa mkwara bro, pole.

#13 · Watamu

Hata kama siku hiyo alipiga, na sidhani, kutupa kulikuwa sahihi. Huchezi na mzunguko mmoja, unacheza na tabia ya mtu. Atupige mkwara mara mbili tatu nyingine tuone, ndipo tubadilishe.

Mleta uzi, umefanya vizuri. Ile ya ghulamu na nne kulipa 100 nzima nimeisoma kwa sauti mbele ya mke wangu.

#14 · Nakuru

Nimejaribu huku kwenye simu, meza za chini kabisa. Niliacha mkwara kwa jioni moja na kuweka dau kila nilipokuwa na jozi ya juu. Ni kama mchezo mwingine kabisa. Swali dogo kwa mkuu wa Watamu: jozi ya mkononi ndogo, kama tano mbili, niingie nayo kwa watu wanaolipa hivi?

#15 · Watamu

Ingia kwa bei ndogo. Tano ya tatu itakuja kwenye zile karata tatu za kwanza karibu mara moja katika nane na nusu. Isipokuja, pita na utupe bila kusononeka. Ikija, weka dau papo hapo, usisubiri. Kwa watu wasiotupa, hiyo mara moja inalipa zile saba za nyuma na chenji inabaki.

#16 · Mleta uzi, Malindi

Narudi baada ya wiki tatu. Kusi imepungua, Nahodha ameanza kutoka alfajiri, kwa hiyo Jumamosi anakuja amechoka, ananukia chumvi na mafuta ya injini, na bado hakosi.

Kuna jambo limetokea na nalileta kwenu kabla sijalivuruga mwenyewe.

Jumamosi ya juzi nilikuwa na mfalme wawili. Nilipandisha, akaona. Mezani nane, sita, mbili. Nikaweka 14, akaona. Ikaja tano, nikaweka 30. Akazitazama karata zake. Akanitazama mimi, muda mrefu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akazisukuma karata zake katikati, zimelala kifudifudi, akasema, "Hii yako, mwanangu. Siku hizi wewe ukiweka, unayo."

Wenzetu wote wakanyamaza. Yule jirani mwenye baraza akauliza, "Nahodha, umetupa?" Akajibu, "Nimetupa. Kwani haramu?" wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaanza kufikiri.

Na si mara hiyo tu. Jumamosi iliyopita alitupa mara mbili tena, zote nilipoweka dau kubwa kwenye karata ya nne. Madau madogo bado analipa yote. Makubwa anafikiri.

Mzunguko wa mwisho wa usiku ule nilikuwa na tisa na nane, zote shupaza. Mezani ree ya uru, saba ya shupaza, mbili ya shupaza, kisha malkia wa kopa. Nahodha akapita. Chungu 36, mimi nina 70 mbele yangu, yeye ana zaidi. Zimebaki shupaza tisa za kunipa flashi. Mwezi mmoja uliopita hapa napita bila kuwaza. Sasa kuna mtu mbele yangu aliyeanza kuamini kwamba nikiweka, ninayo.

Nilipita, ikaja nne ya uru, tukapita wote wawili, akachukua chungu kwa jozi ya saba. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikipitia njia ya ufukweni, nikijiuliza jozi ya saba ile angeishika mbele ya dau la 36.

Ndugu wa Watamu, dada wa Mkomani, na kijana wa Kilifi pia, maana kwako nilipita haraka mno: ninyi mngeweka pale?